Aqua, Leaf au IST? Kabla ya injini, uliza gari litalala wapi

Saa nne usiku mpwa wangu alinitumia picha tatu kwa mpigo: Toyota IST nyekundu, Toyota Aqua ya rangi ya fedha, na Nissan Leaf nyeupe ya mwaka 2014. Chini ya Leaf aliandika, "Na hii sheli naipita tu kama siijui." Kisha ikafuata hoja yenyewe: "Mjomba, nina milioni 18. Nivute ipi?"

Nikamjibu: "Luku hapo kwenu mnachangia wangapi?"

Alidhani nimekosea mtu. Amepanga Mbezi, chumba na sebule. Wapangaji ni wanne, mita ni moja, na ukutani kuna daftari linaloning'inia kwa uzi ambalo kila mmoja huandika siku aliyonunua umeme na kiasi. Kuna mwezi walikaribia kushikana mashati kwa sababu ya friji ya mama wa chumba cha mwisho. Sasa hapo mlete kijana mwenye gari linalokula yuniti nane kila usiku.

Ndiyo maana nikiulizwa petroli kama IST, haibridi (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme) kama Aqua, au umeme mtupu kama Leaf, sianzii kwenye injini. Naanza na mambo matatu: gari litalala wapi, litatembea kilomita ngapi kwa mwezi na kwenye barabara gani, na siku likigoma nani atalifungua. Ukiyajibu hayo bila kujidanganya, gari hujichagua lenyewe. Mara nyingi si lile ambalo umeshaliweka kwenye simu kama picha ya mbele.

Kilomita mia moja zinakula nini

Tuanze na pesa, maana ndiyo inayowasukuma wengi. Nitatumia namba zilizo rahisi kuzungusha. Petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita. EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo wewe weka ya siku unayosoma. Umeme wa nyumbani ni takriban shilingi 356 kwa yuniti ukishajumlisha kodi na tozo. Gesi asilia ya magari hapa Dar tuiweke 1,550 kwa kilo.

IST ya cc 1,500 kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ikikupa kilomita 12 kwa lita mshukuru Mungu. Kilomita 100 ni lita nane na kidogo, yaani kama 25,000. Aqua kwenye foleni hiyohiyo hucheza kwenye kilomita 20 kwa lita: lita tano, 15,000. IST ileile ikifungwa mfumo wa gesi hutumia kama kilo sita, kwa sababu kilo moja ya gesi hubeba nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli. Hapo ni 9,300. Leaf huhitaji kama yuniti 15, ongeza mbili zinazopotea wakati wa kuchaji, zinakuwa 17: elfu sita na ushee.

Mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi atalipa basi 250,000 kwa IST, 150,000 kwa Aqua, 93,000 kwa gesi na 60,000 kwa Leaf. Mpwa wangu angeishia kusoma hapa.

Tuendelee kidogo. Tuseme Aqua nzuri inazidi IST ya hali ileile kwa milioni 3. Akiokoa laki moja kila mwezi, atairudisha tofauti hiyo kwa miezi 30, na baada ya hapo anakula faida. Lakini mwenye gari la kwenda kazini siku mbili kwa wiki, sokoni Jumamosi na ibadani, ambaye mwezi mzima hafikishi hata kilomita 400, anaokoa 40,000 tu. Atahitaji miezi 75 kurudisha milioni 3 zake, zaidi ya miaka sita, na ndani ya miaka hiyo betri ya haibridi inaweza kuwa imeshamwomba hela yake. Huyo anunue petroli ya kawaida, injini ndogo, spea zinazojaa Kariakoo, alale usingizi. Najua ushauri huu hauna mbwembwe.

Hapohapo kwenye umeme kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Nyumba zinazotumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi hununua umeme kwa bei ya chini, ile ya shilingi 122 kwa yuniti. Gari la umeme la kilomita 1,000 kwa mwezi linakula yuniti 170 peke yake. Ukilileta kwenye nyumba ya namna hiyo halitakula umeme wake tu; litaiondoa nyumba nzima kwenye bei ya chini, hadi taa ya barazani na pasi ya mtoto wa shule zilipiwe kwa bei kubwa.

Haibridi haichomekwi popote

"Na hiyo Aqua nitaichajia wapi?" aliniuliza. Nimesikia swali hilo hadi kwa watu wanaoendesha haibridi za wenzao. Jibu ni kwamba huichaji. Unajaza petroli kama gari lolote, na umeme linautengeneza lenyewe.

Fikiria unatoka Ubungo kwenda Magomeni. Unakanyaga mafuta, unatembea mita hamsini, unakanyaga breki. Kwenye gari la kawaida, ule mwendo ulioununua kwa petroli unaishia kuwa joto kwenye diski na pedi, basi, umepotea. Kwenye haibridi, ukigusa breki mota inageuka kuwa jenereta: inaukamata mwendo huo, inaufanya umeme na kuutunza kwenye betri. Taa zikiruhusu, umeme huohuo ndio unaokusukuma kuondoka. Injini huamka baadaye, na ukisimama tena inalala. Kadiri foleni inavyokuwa mbaya ndivyo gari linavyozidi kupata nafasi ya kujionyesha.

Geuza sasa. Mtoe dereva huyo Dar hadi Dodoma kwa mwendo usiobadilika. Habreki, kwa hiyo hakuna cha kukamata. Injini inafanya kazi karibu muda wote, na betri imekuwa mzigo unaosafirishwa. Bado haibridi itabana mafuta kidogo, kwa kuwa injini yake imeundwa kwa ubahili, lakini tofauti ile kubwa ya mjini haipo. Mfanyabiashara anayekwenda Mbeya kila wiki kwa sababu aliambiwa haibridi haili mafuta ameuziwa sifa za Dar es Salaam.

Na kwa kuwa nimeitaja Mbeya: ukishuka mlima wa Kitonga, kwenye barabara hiyo, na haibridi ya Toyota, betri itajaa kabla hujafika chini. Ikijaa, mota haina pa kupeleka umeme, na kazi kubwa ya kulishika gari inarudi kwenye breki za kawaida. Ile herufi B kwenye gia, ambayo wengi wanadhani ni mapambo, iliwekwa kwa ajili ya mteremko kama huo. Inaifanya injini ilibane gari, breki zisichemke.

Teknolojia hii si changa kama inavyosemwa vijiweni. Toyota waliiingiza Prius sokoni Japani Desemba 1997. Aqua ikafuata mwishoni mwa 2011. Na jambo linalowashangaza mafundi wengi: injini ya Aqua, 1NZ-FXE, ni ndugu wa tumbo moja na 1NZ-FE iliyo kwenye IST ya cc 1,500. Fundi anayeijua IST tayari ameshajua nusu ya Aqua. Starta ya kawaida haimo na oltaneta haimo, na pedi za breki hudumu kuliko ulivyozoea kwa sababu mota imezipunguzia kazi.

Shida iko kwenye ile nusu nyingine. Betri kubwa ya Aqua imekaa chini ya kiti cha nyuma, imeundwa na moduli 20, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa, jumla ya volti 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28, volti zaidi ya 200. Betri hizi hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari na feni ndogo, kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Tundu lile likizibwa na vumbi, nywele za mbwa wa Kijapani au begi la shule, feni inahangaika, betri inachemka, na betri inayochemka inazeeka haraka. Nyingi ya betri "zilizokufa" zilinyongwa. Usafi wa feni ile ni kazi ya mchana mmoja, na sijui kwa nini watu wanaoosha gari kila Jumapili hawaifanyi hata mara moja kwa mwaka.

Betri ikianza kuchoka, utakutana na fundi atakayekwambia moduli mbovu ni moja tu, aibadilishe kwa nyingine iliyotumika, uondoke. Itakwenda. Lakini zilizobaki ni za umri uleule na zimepita joto lilelile. Miezi michache inapita, na jirani yake inafuata. Wakati wa kununua, betri nzima iliyotengenezwa upya na yenye dhamana iweke kwenye bajeti kama unavyoweka matairi. Ukinunua gari la milioni 18 ukabaki na shilingi mia tano mfukoni, hiyo haikuwa bajeti.

Kuna betri nyingine pia, ile ndogo ya volti 12. Ndiyo inayowasha kompyuta. Ikifa, haibridi nzima inakuwa sanduku, hata kama betri kubwa imejaa. Nimewahi kuwaona vijana watano wa kijiweni wakiisukuma Prius mtaa mzima, mwenyewe ndani ameshika usukani akipiga kelele "Ongezeni! Ongezeni!" Haibridi haiwashwi kwa kusukumwa. Hata wangeifikisha Kibaha. Alichohitaji ni waya mbili za kuazima umeme kwa jirani. Na ukivutwa na bredauni, matairi ya mbele yanayoendeshwa na mota yainuliwe. Yakiburuzwa chini mota inazunguka, na unaweza kuongeza ugonjwa.

Kuhusu fundi: nyaya za rangi ya machungwa ni za umeme mkubwa. Anayezijua huchomoa kwanza plagi ya usalama ya betri, husubiri kama dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe, na huvaa glavu za mpira za kazi hiyo. Ukiona mtu anazishika huku anakula muhogo, chukua gari lako uondoke.

Tena, si kila kinachoandikwa haibridi ni kitu kimoja. Nissan Note e-Power, iliyotoka mwaka 2016, ina injini ya lita 1.2 isiyogusa matairi kabisa. Kazi yake ni kufua umeme tu, na mota ndiyo inayoendesha. Tamu sana mjini. Baadhi ya Suzuki zina mota ndogo inayoisaidia injini kidogo wakati wa kuondoka. Hiyo ni haibridi ya jina, usilipie bei ya Aqua. Halafu kuna zile za kuchomeka, kama Mitsubishi Outlander PHEV, zenye betri ya kutosha kukupeleka kazini kwa umeme na injini ya petroli kwa safari. Ukiwa na pa kuchomeka ni gari zuri ajabu. Ukikosa, umebeba betri nzito bila faida.

Leaf ya bei nafuu ina siri kwenye vijiti

Gari la umeme lenyewe halina ugomvi na mimi. Halina oili ya injini, plagi wala gia boksi ya kusumbua. Na umeme wetu sasa si wa kudharau: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Ethiopia, yenye mabwawa yake, ilitangaza mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya mafuta. Kigali pikipiki mpya za abiria lazima ziwe za umeme. Nairobi kuna mabasi ya umeme barabarani, na Kenya Power iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, nafuu zaidi usiku.

Leaf ya mwaka 2014 ni suala tofauti. Ina betri ya yuniti 24, na Nissan hawakuiwekea mfumo wa kuipoza. Betri za lithiamu haziogopi kazi kama zinavyoogopa joto. Leaf za kwanza zilipofika Arizona, jangwa la Marekani, wenye magari walianza kulalamika mapema, mwaka 2012, kwamba betri zinapungua kuliko walivyoahidiwa. Dar si Arizona, lakini gari linaloshinda kwenye maegesho yasiyo na kivuli Posta, saa nane mchana, Februari, halina tofauti kubwa na mkaango.

Upande wa kulia wa kipimo cha betri kuna vijiti kumi na viwili vidogo. Si vya chaji iliyomo. Ni vya afya ya betri. Kijiti cha kwanza hakidondoki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15, kwa hiyo hata gari lenye vijiti vyote 12 linaweza kuwa limeshapungua. Picha za matangazo huwa zinakatwa hapohapo kwenye kona hiyo. Mwombe muuzaji picha ya dashibodi nzima. Akikutumia ya matairi, umeshapata jibu. Ukiwa nalo mkononi, chomeka kifaa kidogo cha Bluetooth kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu, na utaona afya ya betri kwa asilimia.

Likiwa jipya, gari hilo lilipimwa Marekani kwa kilomita kama 135 kwa chaji moja. Afya ikishuka hadi asilimia 70, unabaki na 95 kwenye karatasi. Washa kiyoyozi, kaa saa mbili kwenye foleni, kataa kufika sifuri kama mtu mwenye akili: zinabaki 70 hivi za kutegemea. Mbezi hadi Posta na kurudi si zaidi ya kilomita 50, zinatosha. Kinachokosekana ni siku ya msiba Chalinze. Vituo vya umma vya kuchajia ni vya kuhesabu kwa vidole, na Leaf ya Japani hutumia plagi ya CHAdeMO ya kuchaji haraka, ambayo magari mapya ya Kichina na ya Ulaya hayaitumii. Kituo unaweza kukikuta na bado plagi isiingie.

Nyumbani, kwa soketi ya kawaida, betri ya yuniti 24 huchukua kama saa kumi kutoka chini hadi juu. Saa kumi za mkondo mkubwa usiokatika. Soketi ile ya dukani ya bei ya kutupa, iliyofungwa na fundi wa mtaani mwaka wa ujenzi, itaanza kwa kunukia. Weka waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita na kikata umeme chake. Mpwa wangu angelazimika kuupitisha waya huo dirishani kwa mama wa friji.

Leaf ya yuniti 40, iliyotoka 2017, ni gari jingine kabisa, ingawa nayo haina cha kuipoza betri. Inakupa zaidi ya kilomita 200 ikiwa na afya. Magari ya Kichina ya siku hizi, BYD na wenzake, mengi yana mfumo wa kupoza betri, na mengi yana betri ya chuma na fosfeti inayovumilia joto zaidi. Hizo milioni 18 hazifiki huko.

(Jambo la pembeni linalowaudhi watu kuliko betri: redio za Kijapani zinaishia masafa ya 90 au 95, na zetu zinapanda hadi 108. Nusu ya stesheni za Dar hutazisikia mpaka ununue kifaa cha kuongeza masafa. Na menyu yote ya Leaf ni Kijapani.)

Gesi, chaguo ambalo hakuliuliza

Katika picha tatu za mpwa wangu hakukuwa na gesi, na kwa Dar hilo ni kosa. Gesi inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, haingoji meli. Petroli inabaki palepale kama akiba: unabonyeza swichi, unarudi kwenye mafuta. Tukisema kufunga mfumo ni milioni 2, mwenye kilomita 1,000 kwa mwezi anaokoa kama 157,000 na anairudisha ndani ya miezi 13. Dereva wa teksi ya mtandao anayetembea mara tatu ya hapo hahitaji hata kikokotoo.

Gharama yake ni buti na muda. Mtungi unakaa pale mizigo ilipokuwa inakaa. Kwenye IST, begi la safari litapanda kiti cha nyuma. Na foleni ya gesi mjini huweza kukumaliza saa nzima au zaidi. Nje ya Dar, ukiondoa sehemu chache, unarudi kuwa mtu wa petroli. Mfungaji awe anayetambulika, anayekupa cheti cha mtungi. Chuo cha DIT wamekuwa wakifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, na kuna karakana nyingine zilizosajiliwa. Gesi hukaa kwenye mtungi kwa mgandamizo wa bar 200. Hapo hapana nafasi ya fundi wa kubahatisha.

Umri wa gari una kodi yake

Wanaoagiza wenyewe Japani hushtuka bandarini. Kwa gari dogo la cc kati ya 1,001 na 2,000, Tanzania Bara hutoza ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, VAT 18, na tozo ndogondogo kama ya reli. Umri ukivuka miaka 8 unaongezewa ushuru wa bidhaa asilimia 15. Ukivuka 10, asilimia 30. Vinazidishana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa hesabu ya juujuu, gari la miaka saba hulipiwa zaidi kidogo ya nusu ya thamani yake, na la miaka 11 karibu thamani nzima. Thamani yenyewe haitoki kwenye risiti yako. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni cha magari yaliyotumika. Ingiza gari lako humo kabla hujatuma hata dola moja, na rudia kila Julai, maana bajeti hubadilisha mambo.

Kenya wao hawatozi uzee, wanaukataa: gari lililozidi miaka 8 haliingii. Ndiyo maana Leaf za yuniti 24 haziagizwi tena Nairobi, na yule anayekutangazia "zimebaki za mwisho" huku kwetu anajua zinakokwama.

Wajapani hawauzi magari kwa sababu yamekufa. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili, na ukaguzi ule ni ghali. Wengi huona bora kubadilisha gari. Kwa hiyo mazuri yapo. Mnadani kila gari hupewa karatasi yenye alama: 4 na 4.5 ni mazuri, R maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa, na ule mchoro wa gari lililopasuliwa huonyesha kila mkwaruzo na mbonyeo. Karatasi hiyo ina kilomita halisi. Omba ya asili yenye namba ya chasisi, uilinganishe na odometa ya yadi. Utaona maajabu: magari yanavuka bahari na kilomita zinapungua.

Jumamosi tulikwenda kwenye yadi kuiangalia Aqua. Nje inang'aa, ndani viti vimevalishwa kava jipya la ngozi bandia, zawadi ya muuzaji. Nikamwambia mpwa wangu apige magoti nyuma, amulike pembeni ya kiti kwa tochi ya simu. Hakuona tundu. Kava lilikuwa limelifunika lote. Tulipolivuta, ndani kulikuwa na blanketi la vumbi la kijivu, laini kama pamba ya mto.

"Vumbi tu hilo, bosi," muuzaji alisema. "Gari la Kijapani hili."

Tuliomba aliwashe, tukalizungusha mtaani na kiyoyozi cha mwisho. Feni ya nyuma ilianza kupiga kelele kabla hatujamaliza raundi ya pili. Tukamrudishia ufunguo, akashusha bei laki tano bila kuombwa, tukashukuru tukaondoka.

Kwenye mwendokasi, tumesimama tumebanana, kijana alikaa kimya mpaka Kimara. Halafu akaniinamia sikioni: "Mjomba, hivi kuomba TANESCO wakufungie Luku yako peke yako, mwenye nyumba lazima asaini?"